Hapana Kumi na Moja za Barabara ya Kuivasto

Mimi ndiye ninayeandika karatasi ya habari ya Kaunti ya Hemlock, na kabla hujaniuliza: ndiyo, ni mimi yule yule niliyeandika kwamba Barabara ya Kuivasto haina shida. Nimesemwa vya kutosha, mpaka na kasisi. Kwa hiyo nyamaza kidogo nami nieleze yalivyokuwa.

Karatasi yenyewe hutoka kila Alhamisi, kuanzia Novemba theluji inapoanza kukaa chini hadi Aprili, na miaka mingine Mei, Mungu akiamua kututania. Ni kurasa mbili tu. Naandika greda la kuondoa theluji litaanzia barabara gani na kuishia wapi. Naandika mchanga wa kumwaga mlangoni watu wasiteleze unagawiwa wapi, ndoo mbili kwa kila nyumba, njoo na koleo lako. Naandika nambari ya simu ya gari la wazee, saa za chumba cha maktaba kinachoachwa wazi kwa ajili ya wale ambao jiko la nyumba limewazimikia, na onyo la kupunguza theluji juu ya paa kabla paa halijakuangukia kichwani. Na kila mwaka nawakumbusha watu wasisukume theluji ya uani kwao hadi ng'ambo ya barabara. Simtaji mtu. Kila mtu anajua namsema nani.

Wapo wanaodhani hiyo kazi ni ya kusinzia. Shauri yao. Mwaka ule wa barafu kubwa umeme ulikatika siku nne, redio ikawa kimya, na karatasi yangu ilibandikwa kwenye mlango wa kila duka la kaunti hii. Niliwakuta watu wazima wamesimama kwenye upepo, ndevu zimeganda, wanaisoma mpaka mstari wa mwisho. Tangu siku hiyo mtu akiniambia mimi ni karani tu, namtazama kwanza, kisha namwacha aende zake.

Najivunia kaunti yetu pia, sifichi. Msimu uliopita ilituangukia theluji ya futi ishirini na mbili, na Ziwa Superior bado lilikuwa linatuandalia nyingine. Huko kusini, chini ya daraja kubwa linalotuunganisha na jimbo lililobaki, wakipata inchi nne wanafunga shule na kwenda kugombania mikate dukani. Sisi inchi nne tunaziita vumbi. Kwetu hapa bibi wa miaka tisini hutoka na koleo lake saa kumi na mbili asubuhi, na ole wako umwambie akupe umsaidie.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwezi wa Oktoba, mkuu wetu mpya wa barabara, Bwana Brandt, alikuja mezani kwangu. Ni mtu wa chini ya daraja, mpole, mwenye buti jipya lisilo na alama hata moja ya chumvi. Akaniomba nitengeneze fomu ya kupeleka kila nyumba, tujue nani anahitaji nini wakati wa baridi. Nikaitengeneza. Swali la kwanza, kwa maneno yangu mwenyewe na herufi kubwa kubwa, lilikuwa hili: "Je, nyumba yenu inahitaji msaada wa kaunti wakati wa baridi?" Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

Novemba fomu zikarudi. Barabara ya Kuivasto, ukishavuka daraja dogo la mto, ina nyumba kumi na moja katika maili sita. Mimi nimezaliwa huko. Fomu kumi na moja zikarudi, na zote kumi na moja zilikuwa na alama kwenye Hapana. Mmoja alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Unafikiri nilishtuka? Nilicheka kwa raha! Nikasema hao ndio watu wangu, hao ndio ambao babu zao walitoka Finland na sanduku moja na kikaango, wakang'oa visiki kwa mikono. Alhamisi ile nikaandika kwenye ukurasa wa kwanza: "Barabara ya Kuivasto haina shida. Nyumba zote kumi na moja zimejibu kwamba zinajiweza. Kaunti nzima ijifunze kwao." Mimi, Lorna Rautio, mwenye miaka hamsini na minane na akili zangu timamu.

Katikati ya Januari Bwana Brandt akaniletea tangazo la kuchapa. Lilikuwa pendekezo la kupelekwa kwa madiwani Jumanne inayofuata. Kaunti ina greda sita na madereva watano, na mmoja alikuwa kitandani na maumivu ya mgongo. Kwa hiyo barabara zigawanywe upya. Daraja la kwanza zisafishwe kila siku, la pili kila siku mbili, la tatu mara moja kwa wiki. Nikawa nachapa huku nanywa kahawa. Kwenye daraja la tatu kulikuwa na jina moja tu. Kuivasto, kuanzia daraja dogo la mto mpaka mwisho.

Nikaenda ofisini kwake bila kubisha.

"Hii ni nini?"

"Lipi tena, Lorna?"

"Mara moja kwa wiki? Kuivasto? Huko theluji inakufika kiunoni kabla hujamaliza chai! Umerogwa?"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alifungua jalada akanitolea fomu zote kumi na moja, moja baada ya nyingine. Kisha akatoa karatasi yangu ya habari, ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

"Wamesema wenyewe hawahitaji," akasema. "Na wewe ukasema kaunti nzima ijifunze kwao. Nimeongea na kila barabara yenye wazee na watoto wa shule, Lorna, na zote zinanililia. Hawa peke yao ndio hawakulia. Kila mmoja ana trekta lake. Sasa niambie, nimnyime nani greda? Anayesema anahitaji, au anayesema hahitaji?"

Nikazisukuma fomu pembeni.

"Huko anakaa baba yangu mdogo," nikasema. "Mkewe figo zimekufa. Anapelekwa mjini kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na gari la wazee haliruhusiwi kupita mahali ambapo greda halijapita siku hiyo. Gari lisipofika, daktari amesema atahamishiwa nyumba ya wazee mjini. Kabisa. Hatarudi kwake."

Bwana Brandt akashika fomu ya nyumba ya Rautio, akaisoma tena, akanitazama.

"Hajaandika hivyo."

"Hawezi kuandika hivyo!"

"Basi aje aseme Jumanne. Mimi siwezi kupeleka greda kwa kukisia. Waje, wafungue midomo, madiwani wasikie. Nitafurahi kushindwa, haki ya Mungu."

Jumamosi nikaendesha gari hadi Kuivasto. Baba mdogo Onni ana miaka themanini na mmoja. Aliendesha greda la kaunti hii miaka thelathini na minne, na barabara hiyo hiyo ilikuwa ya kwanza kukabidhiwa alipoajiriwa. Sijui mtu mwingine anayeweza kupitisha bawa la greda, lile bamba la pembeni, sentimeta mbili kutoka kwenye sanduku la barua bila kuligusa. Nilimkuta uani na koleo, amekata kuta za theluji wima kabisa, kana kwamba amezipiga rula. Moshi wa sauna, kibanda chao cha kuoga mvuke, ulikuwa umeshaanza kupanda.

"Umekonda," akaniambia.

"Muongo mkubwa wewe. Ingia ndani, Bamdogo, nina jambo."

Ndani mama mdogo Elma alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, blanketi miguuni, anafuma soksi. Jumamosi huwa ndiyo siku yake nzuri, damu imesafishwa jana yake. Uso ulikuwa na rangi.

"Utakunywa kahawa, Lorna?"

"Usijisumbue, Mamdogo."

"Si kusumbuka. Ipo tayari."

"Nimekunywa nyumbani, kweli."

"Na mkate wa iliki umetoka sasa hivi."

"Haya basi, nusu kikombe."

Nikanywa vitatu. Ndivyo tulivyo. Macho yangu yakaenda kwenye mlango wa jokofu. Walikuwa wameikata ile habari yangu ya ukurasa wa kwanza, wameibandika katikati, kwa sumaku mbili.

Nikawaambia. Sikuficha kitu: fomu, daraja la tatu, mara moja kwa wiki, kikao cha Jumanne. Mamdogo aliacha kufuma. Bamdogo akawa anakoroga kahawa yake, na yeye hatii sukari.

"Ile fomu iliuliza kama nahitaji msaada," akasema. "Sihitaji msaada. Barabara si msaada. Barabara ni barabara."

"Basi njoo useme hivyo hivyo!"

"Nikaseme nini? Nisimame mbele ya watu niombe? Mimi? Nimesafisha barabara za kaunti hii miaka thelathini na minne, hakuna mtu aliyeniomba hata siku moja. Nilikuwa napita tu. Mtu akiamka, anakuta njia."

"Bamdogo, zama zile zimepita. Sasa wanauliza kwanza."

"Basi wamekosa adabu."

"Na Mamdogo je? Gari likiacha kufika?"

"Nitamchimbia njia mwenyewe."

"Maili sita? Na hilo trekta la tangu enzi za Nuhu?"

"Usinitusie trekta!"

"Nalitusi! Na wewe nakutusi! Mtu mzima, unaona heri mkeo akafie mjini kwa wageni kuliko shingo yako iinamie mara moja!"

Nilipita kiasi, najua. Bamdogo akainuka, akavaa kofia yake, akasema moto wa sauna unahitaji kuni, akatoka. Mlango hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Mamdogo alinimiminia kahawa nyingine bila kuniuliza.

"Anajifungia chumbani na vitabu vya greda tangu Alhamisi," akasema taratibu. "Anatafuta jinsi ya kufunga bawa kwenye trekta. Habari alishazipata kwa jirani, Tyyne. Usiku halali, Lorna. Anafikiri simsikii."

"Basi mwambie aende!"

"Mimi simwambii Onni cha kufanya. Nilianza hivyo miaka hamsini na sita iliyopita, siwezi kugeuka sasa."

Nikapita kwa Bi Tyyne Luoma, mjane wa nyumba ya pili, yeye ndiye mdomo wa barabara ile. Nikamsihi aje Jumanne aseme. Akaniambia atakuja, watakuja wote, ila kusema, hapana. "Kama Onni haombi, mimi nitaanzaje kuomba? Nitaonekana nani?" Nikamtajia nyumba nyingine. Kila mmoja, akaniambia, anamngoja Onni.

Narudi mjini nikiwa na hasira za kumwaga. Nimefika kwenye daraja dogo ndipo nikamkumbuka Mamdogo na kahawa yake, na nikasimamisha gari katikati ya daraja. Kwetu hakuna mtu anayekubali kitu akiulizwa mara ya kwanza. Ukikubali mara ya kwanza, wewe ni mroho, mama yako hakukulea. Mara ya pili unashukuru na kukataa. Mara ya tatu ndipo unajua mwenye nyumba anamaanisha, unanyosha mkono. Hata mchumba huulizwa mara tatu. Mamdogo mwenyewe alimkataa Bamdogo mara mbili, kila mtu anajua habari hiyo. Na mimi, mtoto wa Kuivasto, niliyekataa kahawa asubuhi ile ile huku mate yakinitoka, niliketi mezani nikatengeneza fomu inayouliza mara moja. Waliandika Hapana ya adabu, nami nikaichapa kwenye ukurasa wa kwanza. Nilijipiga kofi la paji la uso, nikapiga na usukani, honi ikalia, kulungu akaruka kichakani.

Jumanne saa nne asubuhi ukumbi wa kaunti ulijaa. Kulikuwa na theluji ya usiku, inchi tisa, na watu waliingia wakikung'uta mabuti hadi sakafu ikawa dimbwi. Kuivasto walikuja wote. Waliketi mstari wa nyuma kabisa, makoti hawajavua, mikono magotini. Bamdogo alikuwa pembeni, amevaa tai. Mamdogo alikuwa kando yake, amefungwa skafu mbili, amechoka na safari ya Jumatatu, midomo ina rangi ya jivu.

Mimi kikaoni ni karani wa kumbukumbu. Kanuni inasema karani anaandika, hasemi. Mara ngapi nimeilaani kanuni hiyo! Nilikaa mbele, pembeni mwa mwenyekiti, Bi Gladys Trewhella, kalamu mkononi, ulimi nimeubana kwa meno.

Bwana Brandt alisoma pendekezo lake. Alilisoma kwa haki, bila kuficha kwamba huenda likawaumiza watu. Kisha Bi Trewhella akavua miwani, akatazama mstari wa nyuma.

"Wakazi wa Kuivasto wapo?"

Vichwa vikatikisika kidogo.

"Je, kuna yeyote kati yenu anayehitaji greda lipite kila siku?"

Bi Tyyne akasoma kucha zake. Bamdogo alikuwa anatazama ukutani, kwenye ramani ya kaunti, ambayo anaijua kuliko kiganja chake.

"Hakuna?" Bi Trewhella akanyanyua rungu la mwenyekiti. "Kama hakuna, basi tunaendelea kwenye ku..."

Nikachana kipande cha karatasi. Niliandika maneno mawili, nikakisukuma mpaka chini ya mkono wake. "Waulize tena."

Akarudisha miwani, akakisoma. Yeye mababu zake ni wachimba migodi kutoka Uingereza, lakini ameolewa na Mfini miaka arobaini, na amekataliwa mikate yake mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Alinitazama juu ya miwani. Kisha akashusha rungu polepole.

"Nauliza tena," akasema. "Na nimeuliza nikiwa namaanisha. Kuna mtu huko nyuma anayehitaji barabara hii?"

Bamdogo akakohoa. Akasimama!

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "kama kaunti haina dereva, mimi nipo. Leseni yangu bado hai. Nipeni greda namba nne, mtaniona asubuhi."

Ukumbi ukaangua kicheko, hata madiwani. Hawakumcheka kwa dharau, maana hakuna asiyempenda, lakini masikio yake yalikuwa mekundu.

"Bwana Rautio," akasema Bi Trewhella, "namba nne tuliiuza kwa chuma chakavu miaka sita iliyopita. Na wewe una miaka themanini na mmoja."

"Greda halijui miaka ya mtu."

"Onni," akasema Mamdogo, "kaa chini."

Akakaa. Sikuhitaji kuandika kikaratasi kingine. Bi Trewhella alikuwa ameshainamia mbele, viwiko mezani, kama mtu anayekusogezea sahani.

"Nauliza mara ya tatu," akasema, na sauti ilikuwa laini. "Kuna mtu anayehitaji?"

Mamdogo Elma alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Bamdogo akataka kumshika kiwiko, Mamdogo akausukuma mkono wake. Alisimama peke yake, na ilichukua muda.

Mwanamke huyu simkumbuki akisema mbele ya watu. Kwenye mazishi ya mama yake alimwachia kasisi aseme yote.

"Mimi nahitaji," akasema.

Akavuta pumzi.

"Naitwa Elma Rautio. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa gari la kaunti linanichukua kwenda kusafishwa damu. Dereva anaitwa Dwayne, ananipashia joto kiti kabla hajafika. Greda lisipopita, Dwayne hapiti. Dwayne asipopita mara mbili, mimi nakufa. Nimeuliza daktari, ameniambia wazi. Nyumba ya wazee mjini ni nzuri, nimeiona, ina mapazia. Lakini mimi nataka kufia Kuivasto, na si mwaka huu. Kwa hiyo nahitaji greda. Ndiyo. Hiyo ndiyo yangu."

Hakukaa. Nadhani alikuwa hajui akae vipi bila kuanguka. Na Bamdogo, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa tangu neno la kwanza, akanyanyuka, akamshika kiunoni, wakasimama wawili. Tai yake ilikuwa imepinda. Alifungua mdomo, akaufunga. Nimemwona akilitoa greda mtaroni kwenye tufani, kwa mnyororo na matusi, na haikumgharimu hivyo.

"Naomba," akasema.

Kisha akasema kwa sauti zaidi, maana wa mbele hawakusikia.

"Naomba mtusafishie barabara. Mimi na mke wangu tunawaomba."

Nililia, sisemi uongo. Machozi yalidondokea kumbukumbu za kikao za Kaunti ya Hemlock, ukurasa wa tatu, na bado yanaonekana. Sikulia kwa huruma. Nilijivuna kuwa na damu moja na mtu yule kuliko siku yoyote aliyokuwa juu ya greda.

Baada ya hapo walinifanya nikose pumzi ya kuandika. Bi Tyyne alisema naye anahitaji, ana moyo unaorukaruka, hajamwambia mtu. Mwingine akasema trekta lake halijawaka tangu Krismasi. Mwingine, yule aliyetoboa fomu, akasema bintiye anategemea kujifungua Machi na amekuwa akiota ndoto mbaya za barabara. Kumi na moja kwa kumi na moja. Bwana Brandt alisikiliza yote akiwa amesimama, kisha akaomba ruhusa ya kuliondoa pendekezo lake mwenyewe.

"Niliwasoma vibaya," akasema. "Nilidhani karatasi inatosha. Kuivasto iende daraja la kwanza, na Jumatatu, Jumatano na Ijumaa greda lianzie huko. Dereva wa tano akiwa bado mgonjwa, nitajifunza kuendesha mimi."

"Nitakufundisha," Bamdogo akamrukia, haraka mno, na watu wakacheka tena, na safari hii naye alicheka.

Madiwani watano wakapiga kura, mikono mitano juu.

Ukumbi ulipoanza kupungua watu, nilikuwa nasafisha maandishi yangu. Kivuli kikaniangukia. Bamdogo, kofia mkononi, amevaa miwani ya mkewe kwa sababu yake huisahau kila mahali.

"Umeandika?"

"Kila neno. Sheria inataka, Bamdogo. Na Alhamisi linatoka kwenye karatasi."

"Lile neno pia?"

"Hilo hasa."

Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu yangu yote tayari, na ya akiba. Akaniambia nimwonyeshe. Nikageuza daftari. Nilikuwa nimeandika hivi: "Bwana Onni Rautio wa Barabara ya Kuivasto, dereva mstaafu wa greda kwa miaka thelathini na minne, pamoja na mkewe, aliiomba kaunti isafishe barabara."

Akasoma polepole, kidole chini ya mstari. Akarudia kusoma.

"Umekosea hapa."

"Wapi?"

"Aliyesimama ni Elma." Alinirudishia daftari, na kidole chake kilikuwa bado juu ya jina lake mwenyewe. "Anza na yeye, jina lake lote. Mimi andika mumewe. Inatosha."

Nikakata mstari mzima. Nikaandika upya: "Bi Elma Rautio wa Barabara ya Kuivasto, pamoja na mumewe, aliiomba kaunti isafishe barabara." Akausoma, akaitikia kwa kichwa, akaenda kupiga magoti sakafuni penye maji ili amfunge mkewe mabuti.